Moto wa Juni, Moto wa Oktoba

Moto ulikuwa umezimika wenyewe, na hilo ndilo lililonishangaza.

Upande mmoja wa pale nilipokuwa nimesimama kila kitu kilikuwa cheusi. Majivu yalinifika kwenye vifundo vya miguu. Gogo moja lilikuwa bado linafuka moshi kwa ndani, na miti michanga ya kimo cha mtu ilibaki vijiti vitupu. Upande wa pili nyasi zilisimama. Zilikuwa fupi, chache, zimechanganyika na vichipukizi vya kijani, lakini zilikuwa hai. Kati ya pande hizo mbili hapakuwa na mto, barabara wala mtaro. Sikuona dalili ya watu waliokuja na matawi mabichi kuupiga moto. Mpaka ulikatiza tu katikati ya pori, umepinda huku na huku. Moto uliokuwa umekula kilima kizima ulifika hapo, ukaishia hapo.

Nilichuchumaa nikapekua nyasi za upande uliopona. Chini kabisa, mashina yalikuwa na weusi mwingine, wa zamani, uliokwisha kufifia.

"Hapa kuliungua mapema," akaniambia mlinzi wa msitu niliyekuwa naye. "Mwezi wa sita, nyasi zikiwa bado na ubichi. Huu wa sasa umekuta hakuna cha kula."

"Nani alichoma, mzee?"

"Hatukumjua, mwanangu. Tulimtafuta tumkamate, hatukumpata."

Maneno hayo yamenikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa. Mtu aliyeokoa upande mmoja wa pori lile alikuwa anatafutwa kwa kosa la kuliunguza.

Nani kawasha?

Kila moto mkubwa ukitokea, tunaanza na swali hilo. Majibu yake tunayajua sote: mkulima aliyekuwa anasafisha shamba upepo ukamzidi nguvu, mfugaji anayetaka majani machanga, mrina asali aliyeangusha mwenge, mchoma mkaa, mwindaji anayefukuza wanyama vichakani, mpita njia aliyetupa kipande cha sigara. Radi nayo ina fungu lake, hasa katika misitu ya Canada na Siberia, ambako huwasha moto mahali ambapo mtu hajakanyaga. Lakini sehemu kubwa ya dunia mkono ni wa binadamu. Uchunguzi wa mioto ya nyika Marekani kuanzia 1992 hadi 2012 ulionyesha kwamba asilimia 84 iliwashwa na watu. Katika savana za Afrika, bara lenye zaidi ya nusu ya eneo lote linaloungua duniani kila mwaka, hali ni hiyohiyo.

Ni swali la haki. Watu hufa, mazao hupotea, na anayewasha kwa makusudi ili kuumiza anastahili kushikwa.

Ila halijibu kile nilichokiona pale mpakani. Aliyewasha Juni na aliyewasha Oktoba huenda walikuwa na kiberiti cha aina moja na nia ileile. Mmoja aliacha pori lenye mabaka, mwingine akaacha kilima cheusi.

Nimekuwa nikiufikiria moto wa California wa tarehe 8 Novemba 2018, ule ulioteketeza mji wa Paradise. Watu 85 walikufa na majengo zaidi ya 18,000 yakaungua. Chanzo chake kilipofuatiliwa, kilikutwa kuwa kulabu ya chuma kwenye mnara wa umeme, imelika kwa miaka mingi hadi ikakatika. Ndiyo, kulabu ile ilipaswa kubadilishwa mapema, na kuna waliowajibishwa kwa hilo. Lakini mvua za vuli zilikuwa hazijafika, majani yalikuwa makavu kupita kiasi, na upepo ulikuwa unavuma kwa kasi kutoka milimani. Kulabu hiyo ingekatika baada ya mvua, cheche zingeanguka kwenye majani mabichi, na pengine sote tusingelisikia jina la mji huo.

Ukubwa wa moto huamuliwa miezi mingi kabla ya mtu kushika kiberiti.

Nyasi kiganjani

Wanaofanya kazi ya kuchoma pori mapema wana kipimo rahisi. Wanakata nyasi kidogo, wanazikunja kiganjani, wanazifinya. Wiki chache baada ya mvua kukatika, nyasi hukunjika bila kuvunjika, na kiganja hubaki na ubaridi wa unyevu. Nyasi hizo zitawaka, lakini kwa shida. Moto hulazimika kwanza kuyachemsha maji yaliyomo ndani ya kila jani, na joto linalotumika kwa kazi hiyo haliwezi tena kuruka mbele.

Moto wa namna hiyo ukiwashwa alasiri, jua likielekea kushuka, hutembea polepole na mwali wake haufiki juu ya goti. Mtu mzima anaweza kutembea pembeni yake akiuangalia. Ukifika kwenye bonde lenye unyevu, hufa. Ukifika chini ya mti wenye kivuli, ambako nyasi bado ni za kijani, huzunguka na kuacha duara zima. Usiku hewa ikipoa na umande ukishuka, hulala kabisa. Asubuhi utakuta mabaka: hapa pameungua, pale hapajaungua, kichuguu kimezungukwa na majani yaliyosimama.

Sasa zifinye nyasi hizohizo mwezi wa kumi. Zinavunjika vipande na unga wake unapeperuka.

Hakuna tena maji ya kuchemsha. Joto lote linakwenda kwenye jani linalofuata, na la pili yake. Upepo wa mchana huulaza mwali mbele, ukakausha na kupasha kile ambacho bado hakijaguswa. Ukikuta mteremko ndio hatari zaidi, kwa sababu moto unaopanda huwa karibu na majani yaliyo juu yake. Wazima moto wana kanuni yao ya haraka: kila mteremko ukiongezeka nyuzi 10, kasi ya moto unaopanda karibu huongezeka maradufu. Ndiyo maana mtu anayekimbia kupanda mlima ili kuukwepa moto mara nyingi hushindwa. Cheche nazo hurushwa mbele ya moto wenyewe na kuanzisha mwingine. Katika misitu ya mikalitusi ya Australia, magome yanayowaka yamewahi kubebwa na upepo zaidi ya kilomita 30. Njia ya kuzuia moto yenye upana wa mita 10 haina la kufanya hapo.

Na usiku hausaidii. Moto wa Oktoba hulala macho ndani ya magogo, ukasubiri upepo wa kesho.

Viwanja vya Ndola

Nilipoanza kusoma juu ya jambo hili nilitaka kujua kama kuna aliyewahi kulipima kwa miaka mingi, maana kisa kimoja cha kilimani hakitoshi.

Yupo. Mwaka 1933, karibu na Ndola katika Zambia ya leo, maofisa wa misitu waligawa pori la miombo, yaani msitu wa wazi wenye nyasi chini ya miti, katika viwanja. Vingine viliungua kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi, vingine mwishoni mwake, na vingine vililindwa visiguswe na moto kabisa. Miti ilikuwa ya jamii moja, udongo mmoja, mvua ileile. Miaka ikapita. Viwanja vya moto wa mwisho wa kiangazi vilipoteza miti yake mikubwa, vikageuka kuwa nyasi na machipukizi yasiyokua. Vya moto wa mapema vilibaki na miti. Vilivyolindwa vilizidi kuwa msitu mnene, na aina za miti ya kijani kibichi, isiyovumilia moto, zikaanza kuingia.

Huko Côte d'Ivoire, mahali paitwapo Kokondékro karibu na Bouaké, jaribio kama hilo lilianzishwa katika miaka hiyohiyo ya 1930, na matokeo yakaelekea kulekule. Afrika Kusini, katika hifadhi ya Kruger, viwanja vya kuchomwa kwa misimu na vipindi tofauti vimeendelea kutunzwa tangu 1954.

Kwangu hapa ndipo mambo yalipogeuka. Tumezoea kuzungumza juu ya moto kwa umoja, moto ni moto. Viwanja vya Ndola vinaonyesha kwamba mioto miwili katika pori moja, mwaka mmoja, ikipishana miezi michache tu, hujenga nchi mbili tofauti.

Anayeteseka zaidi ni mti mchanga. Mti mkubwa wa miombo una gome nene, na majani yake yako juu ya mwali. Mti mchanga uko ndani ya mwali. Ukiungua, hufa sehemu ya juu, kisha huchipua kutoka mizizini, maana mizizi yake ni mikubwa kuliko unavyodhani ukiangalia shina. Mwaka unaofuata huungua tena. Kuna miti mashambani na maporini inayoonekana ya juzi tu kumbe mizizi yake ina miongo kadhaa chini ya ardhi, inasubiri miaka michache bila moto mkali ili ipate kupita kimo cha hatari.

Miaka michache tu.

Nyumbu wa Serengeti

Kuna kisa kingine ambacho sijachoka kukisimulia. Mwishoni mwa karne ya 19 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki, ukaua ng'ombe na wanyamapori wa jamii yao kwa wingi wa kutisha. Nyumbu wa Serengeti waliendelea kuumia nao kwa miongo mingi. Halafu ng'ombe wa maeneo jirani wakachanjwa, na sotoka ikakosa pa kujificha. Nyumbu waliokuwa takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 walizidi milioni moja kufikia mwisho wa miaka ya 1970.

Na moto ukapungua.

Hakuna aliyeongeza askari wa doria kwa ajili hiyo, wala aliyetunga sheria mpya. Nyumbu walikula nyasi ambazo zingeungua. Eneo lililokuwa likiwaka kila kiangazi likapungua sana, miti michanga ikapata nafasi ya kukua, na mbuga ikaanza kuhifadhi kaboni nyingi zaidi kuliko ilivyopoteza. Sindano ya ng'ombe ilirudisha miti porini.

Ureno ilikwenda njia ya kinyume. Vijana waliondoka vijijini, mbuzi na kondoo wakapungua, mashamba ya milimani yakaachwa yakamezwa na vichaka, na maeneo makubwa yakapandwa mikalitusi na misonobari kwa ajili ya biashara. Mwaka 2017 zaidi ya watu 100 walikufa kwa mioto ya misitu nchini humo, 66 kati yao katika moto mmoja wa Juni huko Pedrógão Grande, wengi wakiwa barabarani ndani ya magari yao, wakikimbia. Mfugaji anayechunga milimani ni sehemu ya kinga ya moto, na akiondoka, hakuna zimamoto linaloweza kuifanya kazi yake yote.

Kuzima kila moto

Jibu linalokuja haraka ni kupiga marufuku, na naelewa kwa nini. Wamarekani walilijaribu kwa nguvu ambayo nchi nyingi hazina. Agosti 1910 mioto ya Idaho na Montana iliunguza takriban hekta milioni 1.2 kwa siku chache na kuua zaidi ya watu 80, wengi wao wakiwa wazima moto. Nchi ikaapa haitarudia. Mwaka 1935 idara ya misitu ikaweka kanuni kwamba kila moto, popote ulipo, uwe umedhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata.

Walifanikiwa kwa miongo kadhaa, na mafanikio hayo yakageuka kuwa shida. Misitu ya misonobari iliyozoea moto mwepesi kila baada ya miaka michache ikajaa vichaka, miti michanga iliyosongamana na matawi makavu toka chini hadi juu. Moto ambao zamani ungetambaa chini ukapata ngazi ya kupandia kwenye vilele. Kanuni hiyo ikaachwa miaka ya 1970, lakini vichaka vilikuwa vimeshakua.

Kruger nao walijaribu kitu tofauti kuanzia 1992: waliamua kwamba moto wa radi tu ndio uachwe uwake, na wa binadamu uzimwe. Wazo zuri, la kuheshimu asili. Lakini watu waliendelea kuwasha, ndani na pembeni ya hifadhi, na sehemu kubwa ya eneo lililoungua ikawa ya mikono yao. Baada ya takriban muongo mmoja mpango ukabadilishwa.

Siwalaumu wa 1910, maana waliona watu wao wanakufa. Lakini pori la savana linaota kila mwaka, nyasi za mwaka huu zinakauka kila mwaka, na kitu kikavu kinachojazana bila kuliwa wala kuoza kitapata cheche siku moja. Nyasi za nyika zenyewe zimekua na moto kwa mamilioni ya miaka, na sehemu yake inayokua imejificha karibu na udongo au chini yake. Kuuondoa moto katika nchi kavu hatuwezi. Tunaweza kuamua utokee lini.

Mahali ambapo moto wowote ni msiba

Hapa lazima niseme kwa sauti, kwa sababu naogopa mtu asichukue niliyoandika akaenda kuchoma popote.

Msitu wa mvua haukukua na moto. Miti yake ina magome membamba, na mwali unaotambaa taratibu, wa kimo cha kifundo cha mguu, unatosha kuua mti wa miaka 100. Miti ikifa, jua linapenya, sakafu ya msitu inakauka, nyasi zinaingia, na moto wa pili unakuta kuni zilizo tayari. Ndivyo sehemu za Amazon zinavyopotea, kwa moto unaofuatana na moto.

Ardhi ya mboji nzito ya kinamasi ni hatari kuliko zote, maana hapo ni udongo wenyewe unaowaka, chini kwa chini, kwa wiki na miezi. Indonesia, mwaka 1997, mifereji ilikuwa imechimbwa ili kukausha vinamasi kwa ajili ya kilimo, na ukame wa El Niño ukafuata. Watafiti walikadiria kwamba kaboni iliyotoka ilikuwa kati ya asilimia 13 na 40 ya ile iliyotolewa na mafuta, gesi na makaa ya mawe duniani kote kwa mwaka. Moto ule hauzimwi kwa ndege za maji. Huzimwa na mvua, au kwa kuziba mifereji ili maji yarudi.

Na kuna milima. Oktoba 2020 moto ulizuka Kilimanjaro, katika eneo la Whona kwenye njia ya Marangu, na mamia ya watu wakapanda kuukabili. Wengi waliuliza juu ya utalii na theluji. Mimi nilitaka kujua juu ya ukungu. Kwenye ukanda wa juu wa msitu wa mlima ule kuna miti ya Erica yenye majani madogo sana na ndevu za kuvu na kigoga zinazoning'inia matawini. Mawingu yakipita humo, matone hunaswa, hudondoka, na kuingia ardhini. Ni mvua isiyohesabika kwenye chombo cha kupimia mvua, lakini inalisha chemchemi. Mioto ya tangu miaka ya 1970 imeushusha ukingo wa juu wa msitu huo kwa mamia ya mita, na utafiti wa muda mrefu umeonyesha kwamba maji ya ukungu yanayopotea kwa njia hiyo ni mengi kuliko yale ambayo mlima unayapata kutoka kwenye barafu yake. Tunaomboleza barafu huku tukipita kwenye msitu ulioungua bila kugeuka.

Kwa hiyo swali la pili, baada ya lini, ni wapi.

Chini ya majivu

Watu husema majivu ni mbolea, na kuna ukweli ndani yake. Kalisi, potasiamu na fosforasi hubaki, na mvua ya kwanza ikinyesha taratibu majani hutoka ya kijani sana. Nitrojeni, ambayo mimea inaihitaji zaidi, huondoka na moshi. Na mvua ya kwanza ikiwa kubwa, majivu yote huteremka mtoni, yakaua samaki na kuziba mabwawa.

Udongo hupitisha joto kwa shida. Moto mwepesi wa nyasi ukipita, sentimita chache chini ya ardhi mambo hubaki karibu yalivyokuwa, na mbegu, minyoo na mizizi hupona. Gogo likiungua usiku kucha mahali pamoja ni habari nyingine. Pale chini udongo hubadilika rangi ukawa mwekundu wa tofali, na hauoti kitu kwa miaka. Moto mkali pia huyeyusha nta iliyomo kwenye majani na matawi, mvuke wake ukashuka udongoni na kuganda humo. Mvua inapokuja, maji huteleza juu ya udongo huo kama juu ya jani la mgomba. Januari 2018, mwezi mmoja baada ya vilima vilivyo juu ya Montecito, California, kuungua, mvua ya usiku mmoja iliteremsha tope na mawe makubwa hadi ndani ya nyumba. Watu 23 walipoteza maisha.

Wanyama wanaokimbia tunawaona. Wasiokimbia hatuwaoni: kobe, vinyonga, makinda, nyoka aliye katikati ya kujivua gamba. Katika mioto ya Australia ya 2019 na 2020 ilikadiriwa kwamba wanyama karibu bilioni tatu, wakiwemo mamalia, ndege, vyura na watambaazi, walikufa au walifukuzwa makaoni mwao. Walioponea kwenye mabaka yasiyoungua ndio waliorudi kulijaza pori. Moto ukila kila kitu, hakuna mabaka, na hakuna wa kurudi.

Ndiyo maana kuacha mabaka kuna maana kubwa kuliko kupunguza tu idadi ya mioto.

Ninapositasita

Moto wa mapema nao una madhara yake. Ndege wanaotaga ardhini wana misimu yao, na si wote wanaomaliza kulea kabla ya nyasi kukauka. Moshi ni moshi, na mapafu ya mtoto hayaulizi uliwashwa lini. Pori likichomwa mapema kila mwaka, mahali palepale, nalo huchoka, kwa hiyo pori linahitaji kupumzishwa kwa zamu. Kisha majira yenyewe yanasogea. Mvua zinakatika ghafla, joto linapanda haraka, na zile wiki ambazo nyasi si mbichi mno wala kavu mno zinazidi kuwa chache.

Nimejiuliza pia kama ni haki kuwaambia wanavijiji wachome kwa mpango wakati wao ndio wanaoadhibiwa kwanza mambo yakiharibika. Ukipiga marufuku moto wote, humzuii anayeuhitaji. Unamfanya awashe usiku, aondoke haraka, asiangalie nyuma. Moto usio na mwenyewe ni hatari kuliko moto wowote, na sheria kali isiyo na kibali ndiyo inayouzaa.

Kaskazini mwa Australia, katika Arnhem Land ya magharibi, wenyeji wa asili walikuwa wakichoma nyika zao kwa zamu mwanzoni mwa kiangazi tangu enzi na enzi. Karne iliyopita wengi wao walihamia kwenye makazi ya mbali, na nyika ikabaki bila watu. Mioto mikubwa ya mwisho wa kiangazi ikaitawala. Tangu 2006 walinzi wa jamii hizo wamerudi kuchoma mapema, kwa miguu na kwa helikopta, katika eneo la kilomita za mraba 28,000, na wanalipwa kwa sababu hewa chafu inayotoka ni kidogo kuliko ile ya moto mkali. Wazee walioijua kazi walikuwa bado hai kuwafundisha vijana. Sehemu nyingine wazee hao wanaondoka bila kuulizwa.

Warina asali

Ninaowafikiria zaidi siku hizi ni warina asali wa miombo. Wako kwenye kila orodha ya wanaosababisha moto, na si uongo, maana mwenge wa magome unaotumika kutuliza nyuki ukiangushwa kwenye nyasi kavu unatosha. Lakini haohao, kwenye misitu ya kaskazini-magharibi mwa Zambia kwa mfano, huchoma nyasi mapema kuizunguka mizinga yao. Wana sababu ya moja kwa moja. Miti ya miombo huchanua mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua, na moto wa wakati huo hukausha maua mtini. Maua yakikauka, hakuna asali mwaka huo. Nimetafuta kundi lenye hasara kubwa zaidi kutokana na moto wa Oktoba, na hili liko juu kabisa.

Mtu wa namna hiyo anahitaji kibali, tena kimfikie kwa wakati. Tarehe iliyoandikwa ofisini haijui kama mvua za mwaka huu ziliisha mapema au zilichelewa, na kibali kinachotoka mwezi wa nane hakina kazi tena. Kitoke mara mvua zinapoelekea kukatika, kitaje eneo na si siku moja, kimruhusu yeye na wenzake waamue siku yenyewe kwa kuzifinya nyasi. Kiwadai watu wa kutosha, wawe na majembe na matawi, majirani wawe wamearifiwa, na asiondoke mtu hadi moshi wa mwisho uishe. Mahali penye msitu wa mvua, kinamasi cha mboji au ukanda wa ukungu, kibali kisitolewe kabisa.